Kipimo cha Wachumba

Parokia yetu hapa Goma haifungishi ndoa bila vipimo vya damu. Matangazo hayasomwi kanisani mpaka wachumba wawe wamefika kwenye kituo cha afya, wametolewa damu, kisha wameitwa tena kusomewa majibu kwa sauti, wote wawili pamoja, mbele ya wasimamizi wao wa ndoa. Upande wa binti huongezwa shangazi. Kwetu sisi tuliotoka Butembo, shangazi ndiye anayejibu kuhusu mwenendo wa binti wa kaka yake: binti akisifiwa, sifa ni za shangazi, binti akiharibika, shangazi huulizwa alikuwa wapi. Utaratibu huo wa kusoma majibu mbele ya watu nimeutetea katika mikutano mingi, kwa hoja kwamba wanaotaka kulala kitanda kimoja maisha yao yote hawana haki ya kufichana damu. Bado nauamini. Lakini tangu asubuhi ile sijaweza tena kuutetea nikiwa nimetulia kitini.

Muuguzi aliyetusomea alikuwa kijana mwenye adabu na shati lililopigwa pasi vizuri. Alisoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa taifa, akitaja ugonjwa kwanza, kisha mtu.

“Ukimwi: wote wawili, hapana. Homa ya maini: wote wawili, hapana. Sifilisi: kijana, hapana.” Akamtazama msimamizi wa kike kana kwamba anaomba ruhusa. “Binti, iko.”

Mchumba alicheka. Alidhani ni mzaha wa kituoni. Msimamizi wa kike, mama mnene wa mtaa wetu ambaye tulimchagua kwa sababu hakosi ibada, alijifunga upya kitenge chake ingawa hakikuwa kimelegea.

“Iko nini?” binti wa kaka yangu aliuliza.

“Sifilisi, mama,” muuguzi alisema taratibu. “Lakini inatibika. Sindano tu.”

Sifilisi ni kaswende, na kaswende haitoki hewani. Hakuna aliyehitaji kulieleza hilo chumbani mle. Tulitoka nje. Kando ya ukuta wa mawe meusi ya volkeno, pikipiki zikipita na kuturushia vumbi, nilimshika binti mkono nikamweka mbele yangu.

“Nitakuuliza mara moja tu. Umelala na mwanaume?”

“Hapana, shangazi.”

“Mwanaume yeyote, wakati wowote?”

“Ulisema mara moja. Sasa ni mara mbili.”

Nimefundisha historia katika shule ya sekondari kwa zaidi ya nusu ya umri wangu, na vijana wamenidanganya kwa namna zote zinazowezekana. Sikumwamini binti huyu kwa sababu ni damu yetu. Niliahirisha hukumu kwa sababu sikuwa na ushahidi wa kutosha, na hayo ni mambo mawili tofauti. Kama ingethibitika kwamba alikuwa ametudanganya wote, mimi ndiye ningekuwa wa kwanza kumpeleka mwenyewe kwa wazazi wa kijana aombe radhi kwa magoti.

Walichomwa sindano wote wawili, kama kanuni inavyotaka, yeye kwa ugonjwa wake na kijana kwa tahadhari. Dawa ile ni nzito, huingizwa kwenye tako, na mtu hutembea kama bata siku nzima. Kijana aliyachukua kwa uungwana mambo hayo mwanzoni. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Masisi, akiuza jibini ya kwao hapa mjini, na alikuwa na ulimi mwepesi.

“Shangazi,” aliniambia akikaa upande upande kwenye kiti changu, “miye nimelipa deni la mutu nisiyemujua.”

Nilimjibu kwamba tutamjua. Sikujua ninasema nini.

Lazima nirudi nyuma kidogo, kwa maana ugonjwa wenyewe ulikuwa umeanza kujitambulisha muda mrefu kabla ya kipimo kile, nasi tulikuwa tukiupa majina mengine.

Binti alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Mugunga, kwenye shule iliyojengwa kwa ajili ya watoto waliokimbia vita, mahali ambapo darasa ni miti iliyofunikwa kwa turubai na nusu ya wanafunzi hukaa nje ya kivuli. Mwalimu naye husimama palipobaki. Alianza kurudi nyumbani amechoka kupita uchovu wa kazi. Asubuhi vidole vyake vilikuwa vigumu. Niliona akishika kikombe cha chai kwa viganja viwili, kama mtoto, na nikamkemea kwa kukosa ustaarabu mezani. Alisema hawezi kukunja vidole mpaka jua lipande. Kisha zikaja homa. Katika mji huu kila homa ina majina mawili, malaria na tifoidi, na mtu akipimwa hukutwa na moja au yote. Alikunywa dawa za malaria, akanywa za tifoidi, akapata nafuu kidogo, akarudia. Nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Vidonda vikamtoka mdomoni, juu kabisa kwenye paa la kinywa, visivyouma, ambavyo alivigundua kwa ulimi tu.

Halafu uso. Wekundu ulimtanda mashavu yote mawili na kuvuka juu ya pua, ukiacha ile mikunjo inayoshuka kutoka puani hadi kwenye midomo ikiwa safi. Kwenye ngozi nyeusi wekundu si wekundu. Ni weusi uliochanganyika na zambarau, na ngozi inayowaka ukiigusa. Ulizidi kila juma la kazi na kupungua kila alipokaa nyumbani. Majirani walikuwa na maelezo tayari: binti anajipaka mafuta ya kujichubua ili awe mweupe siku ya harusi. Mama mmoja alimwambia waziwazi bombani, “Mutoto, wacha ile mafuta. Mungu hakukosea rangi.” Binti alimjibu kwamba Mungu hakukosea, bali mama yule alikuwa amekosea ndoo, kwa maana aliyobeba ilikuwa yetu. Nilicheka, kisha nikapekua vitu vyake vyote nikitafuta kopo la mafuta. Nilikuta vazelini ya kawaida na sabuni ya bluu.

Kwa hiyo tulipopewa jina la kaswende, mambo mengi yalionekana kupata maelezo kwa mpigo mmoja. Kaswende inaweza kutoa vipele, kaswende inaweza kung'oa nywele, kaswende inaweza kuleta vidonda mdomoni. Hata mimi niliona namna vipande vilivyoingiana. Hapo ndipo pengine nilipaswa kutulia, na hapo ndipo usingizi wangu ulipoanza kukatika. Katika kazi yangu nimejifunza kuogopa hadithi inayoeleza kila kitu haraka. Na jambo moja halikuingiana kabisa: jua, ambalo kila siku ya kazi lilimpata nje ya turubai. Kwa nini ugonjwa wa uasherati ungoje jua?

Ndoa iliahirishwa hadi baada ya kiangazi, kipimo kirudiwe. Miezi ile nilitembea sana. Sikuweza kukaa. Nilikuwa nikisahihisha karatasi mbili za wanafunzi, nainuka, naenda hadi mlangoni, narudi, nasahau nilikuwa nimefika swali gani. Jumamosi nilishuka Kituku, soko la kando ya ziwa, kununua sambaza, nikasimama mbele ya mafungu ya samaki wale wadogo bila kununua, mpaka muuzaji akaniuliza, “Mwalimu, unawahesabu ao unawahurumia?” Msimamizi wetu wa kike alikuwa amekwisha kuzungumza. Nilijua kwa namna wanawake wa shirika letu, ile jumuiya ndogo ya waumini wa mtaa inayokutana kila juma kusali, walivyoacha nafasi pande zote mbili za binti kwenye benchi.

Kiangazi kilipokwisha, kipimo kilirudiwa. Tukakaa tena chumbani mle, watu wale wale.

“Bado iko,” muuguzi alisema, na safari hii hakumtazama mtu.

Mchumba hakucheka. Aliuliza swali moja tu, na hakumuuliza mchumba wake. Alimuuliza muuguzi.

“Kama mutu alitibiwa, na mimi nilitibiwa, na mimi sina, na yeye angali nayo... ametoa wapi tena?”

Muuguzi alifunga daftari lake, na hilo likawa jibu. Kijana aliinuka, akaiinamia meza kwa heshima, akatoka. Hakuja tena kwetu Jumapili ile, wala iliyofuata. Binti hakulia. Alikaa amekunja mikono yake iliyovimba mapajani, na nilipotazama chini niliona kwamba kanda za viatu zilikuwa zimezama katika miguu yake kama kamba iliyofungwa kwenye donge la unga uliokandwa.

Nilibaki na muuguzi chumbani.

“Kijana, nieleze. Kipimo hiki kinaona nini?”

“Kinaona sifilisi, mama mwalimu.”

“Kinamwona mdudu mwenyewe?”

Alifikiri kwa uaminifu. “Sijui, mama. Kinabadilika tu kwenye kadi. Tone likifanya vipande vipande, ni iko.”

Kwa watoto wangu darasani hilo ndilo swali la kwanza la mwaka. Mtu akileta habari, usiulize kwanza habari ni nzuri au mbaya. Uliza mleta habari alisimama wapi, na aliona nini kwa macho yake. Tulikuwa karibu kuvunja ndoa na jina la binti kwa ushahidi wa shahidi ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyejua alisimama wapi. Nilikasirika, na hasira ilinifaa kuliko wasiwasi.

Nilimpeleka binti Himbi, mtaa wa huku huku mjini, kwa daktari mwanamke wa magonjwa ya ndani ambaye nilikuwa nimemfundisha mdogo wake. Nilimtolea daktari majibu yote ya nyuma. Aliyaweka pembeni bila kuyasoma akamwambia binti akae karibu na dirisha, lakini si kwenye jua. Alimtazama uso kwa muda. Akagusa ile mikunjo ya kando ya pua. Akambonyeza kila kiungo cha kidole. Akamwomba afungue kinywa, akamulika juu. Akabonyeza kidole gumba kwenye mfupa wa mguu, na shimo likabaki pale, likijaa polepole.

“Ukikojoa,” aliuliza, “kunabakia povu? Kama ya bia?”

Binti alinitazama mimi kwanza. “Iko, dokta. Tangu mwezi ule wa mavumbi. Nilizani ni sabuni ya choo.”

“Na jua?”

“Jua haitaki kuniona.”

Daktari alikaa. Ndipo alipoyachukua majibu, akayapitia, na alipofika kwenye kaswende alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekutana na kitu alichokuwa akikingojea.

“Mwalimu, kipimo hiki hakimtafuti mdudu wa kaswende,” aliniambia. “Kinatafuta alama fulani ambayo mwili huitoa ukishambuliwa na mdudu yule. Lakini alama hiyo hiyo mwili unaweza kuitoa kwa sababu nyingine. Ni kama jirani aliyesikia kelele. Kelele alisikia kweli. Mwizi hakumwona.”

“Kuna shahidi aliyemwona mwizi?”

“Kuna kipimo kingine kinachomlenga mdudu mwenyewe. Tutakifanya leo.”

Kilifanywa. Hakukuwa na kaswende, na hapakuwa na dalili kwamba ilikuwepo wakati wowote. Lakini mkojo ulikuwa na protini nyingi na damu, na chembe nyeupe za damu zilikuwa chache kuliko inavyopasa. Nilikuwa nimejiandaa kushangilia. Nilijikuta nimekaa nikisikiliza jambo kubwa zaidi likielezwa kwa sauti ndogo. Daktari alisema kwamba ulinzi wa mwili, ambao kazi yake ni kupigana na wageni, unaweza kupotewa na akili ukawapiga wenyeji: viungo, ngozi, damu, figo. Ugonjwa huo huitwa lupus. Unawapata zaidi wanawake, tena vijana. Hauambukizwi kwa kulala wala kwa kula. Husingiziwa magonjwa mengine kwa miaka, kwa sababu kila siku hubisha hodi kwenye mlango tofauti. Na hakuna kipimo kimoja kinachoutaja. Daktari huukusanya dalili kwa dalili, kama mtu anayekusanya mashahidi.

“Unaua?” binti aliuliza.

“Ukiachwa kwenye figo, unaua. Ukishikwa mapema, unaishi nao. Ugonjwa wenyewe haukomi, lakini unalala.”

Ilibaki damu ipelekwe kwa vipimo ambavyo Goma haina. Zamani ingepanda ndege kwenda Kinshasa, lakini uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa, kwa hiyo ilivuka mpaka kwa barabara, ndani ya sanduku la barafu, ikaelekea Kigali. Dawa ya kwanza, ile ya kuzuia uvimbe, haikulingoja jibu. Daktari alisema figo hazina subira. Mimi pia sikuwa nayo. Siku zile za kungoja nilikuwa napita mbele ya mpaka bila shughuli yoyote, natazama wanawake wakivuka na mizigo ya nyanya kichwani, kana kwamba mmoja wao angekuwa na jibu langu ndani ya beseni.

Jibu lilikuja, na lilisema alivyosema daktari. Aliongeza dawa ya pili, ambayo ni ndugu wa klorokwini, kile kidonge cha zamani cha malaria. Binti alicheka kwa mara ya kwanza tangu kiangazi. “Sasa wale walisema ni malaria, dawa yao haikuwa mbali sana!” Kisha daktari akasema neno la mwisho, na akalisema huku akinitazama mimi, shangazi: anaweza kuolewa, na anaweza kuzaa, lakini si sasa. Mimba ingoje mpaka ugonjwa utulie kwa muda mrefu na dawa nyingine zibadilishwe. Na ile alama iliyotuletea fitina, kwa kuwa huweza kugandisha damu, itabidi ichunguzwe tena kabla ya mimba yoyote.

Hapa ndipo kaka yangu, baba wa binti, aliponijia. Ni mfanyabiashara, mtu mwema, anayeijua barabara ya Butembo kwa kila shimo lake. Alikuwa amekwisha kupanga maneno.

“Dada, tuwaite wale wa Masisi. Uwaambie labo ya kituo ilikosea, sifilisi haiko. Wataona haya, kijana atarudi, ndoa itafungwa. Basi.”

“Na lupus?”

“Nani alikuuliza lupus? Labo ilikosea ao haikukosea?”

“Ilikosea. Hiyo ni nusu ya ukweli.”

“Nusu inatosha kwa ndoa. Nani aliwahi kuoa kwa ukweli muzima? Miye mama wa watoto alinificha kama anakoroma!”

Nilicheka, na kicheko kilinisumbua, kwa sababu hoja yake ilikuwa na nguvu kuliko alivyojua. Kaswende ilikuwa na aibu, lakini ilikuwa na dawa. Familia nyingi humeza aibu ikishapona. Lupus haikuwa na aibu yoyote, na haikuwa na mwisho. Nilianza kuona kwamba watu wangeweza kumsamehe binti kosa ambalo hakulitenda, na wasimsamehe ugonjwa ambao hakuuchagua. Nilizunguka na jambo hilo juma zima. Kunyamaza kungempa mume. Lakini mume yule angeamka siku moja na kukuta chupa za dawa, miguu iliyovimba na mimba iliyokatazwa, na angesema, kwa haki kabisa, kwamba aliuziwa mbuzi ndani ya gunia. Na safari hiyo mashtaka yangekuwa ya kweli.

Nilimwambia kaka yangu kwamba nitasema yote au nitakaa kimya na ajitafutie shangazi mwingine. Alisema mimi ni mgumu kama lava. Nilimjibu kwamba juu ya lava ndipo tulipojenga nyumba zetu.

Walikuja Jumapili mchana: baba wa kijana na kofia yake ya manyoya, mama yake, shangazi yake, na kijana mwenyewe nyuma yao akitazama viatu vyake. Msimamizi wa kike nilimtaka aje pia. Tuliweka viti barazani, upande wenye kivuli. Nilisema la kwanza, kwamba kaswende haikuwepo wakati wowote, nikaeleza habari ya jirani aliyesikia kelele. Shangazi wa kijana akapiga makofi kidogo.

“Kumbe! Mutoto wetu alichomwa sindano ya bure!”

“Tako langu limetakaswa,” kijana alisema kwa sauti ya chini, na kila mtu akacheka, hata mama yake. Kaka yangu alinitazama kwa macho ya kusihi: ishia hapo.

Nilivuta pumzi niendelee. Lakini binti alinitangulia. Aliinuka, akafungua kilemba chake. Nywele zilikuwa zimebaki kama majani ya shamba baada ya mbuzi kupita.

“Papa, mama,” alisema, “kwenu Masisi hamununui ngombe usiku. Basi mimi pia munitazame muchana. Lakini kivulini, tafazali, jua linanipiga.”

Akawaeleza yote. Figo, dawa za kila siku, jua, mtoto atakayengoja. Hakuipamba sauti wala hakuipunguza. Alipomaliza alikaa, na sikuwahi kumwona amekaa wima vile.

Mama wa kijana aligeuza kiti chake kunielekea.

“Atazaa?” aliniuliza mimi.

“Huenda. Si sasa, na si bila daktari.”

“Na hii ugonjwa itaisha?”

“Haitaisha, mama.”

Alikunja kitenge chake kwenye goti, akakikunjua. Kisha akasema, bila ukali, kama mtu anayejisemea: “Ile sifilisi ingekuwa afazali.”

Yalikuwa maneno ya kweli, na nilimheshimu kwa kuyatoa nje badala ya kuondoka nayo. Waliaga kwa adabu. Kijana alitembea nyuma yao, akageuka kwenye kizingiti, akamtazama binti, akaenda.

Msimamizi wa kike nilimzuia. Nilimwambia kwamba habari aliyoitangaza katika shirika lazima airudishe katika shirika, kwa sauti ile ile. Alisema hakumwambia mtu. Nilimwambia kwamba mtu huyo asiyeambiwa amekuwa akimwachia binti benchi zima. Juma lililofuata, baada ya sala ya mwisho, aliinuka akasema, “Ile jambo ya mutoto wa mwalimu, labo ilikosea, haiko vile,” akaketi upesi kana kwamba kiti kingechukuliwa. Haikuwa fasaha. Lakini mama mmoja alisogea, akakaa karibu na binti.

Zikapita siku nyingi bila neno kutoka kwa wale wa Masisi. Binti alianza kukunja vidole. Uso ulipoa ukabaki na kivuli hafifu. Mkojo ulipimwa, ukapimwa tena. Protini ilikuwa inashuka kwa uvivu. Kaka yangu hakunisemesha. Nilifundisha vibaya. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinitoa kwenye kiti.

Asubuhi moja pikipiki ilisimama kweli. Baba wa kijana alishuka, peke yake, akiwa na jibini mbili za mviringo zilizofungwa kwenye jani la mgomba. Alikataa chai. Alisimama uani akitazama juu ya paa la nyumba ya jirani, upande wa mashariki.

“Mwalimu,” alisema, “pale kanisani kwenu, misa ya kwanza inaanza saa ngapi?”

“Saa kumi na mbili, muzee.”

“Na jua inafika pale mulangoni saa ngapi?”

Sikujua. Nimeingia mlango ule tangu nilipohamia mji huu na sikujua.

“Basi miye nilienda kutazama,” alisema. “Misa ikiisha, kungali kivuli. Mutoto wetu anasema ni huyu binti ao hakuna. Mama yake amelia, amemaliza. Kama muko na neno, museme.”

Harusi za Goma hufungwa mchana, na msafara wa magari unaopiga honi, na picha kando ya ziwa. Ya kwetu ilifungwa misa ya kwanza, watu wakipiga miayo katika nguo za sherehe. Mpiga picha alilalamika mpaka mwisho. “Bila jua, mama, watatoka weusi!” Bibi harusi alimwambia kwamba hata kwenye jua wangetoka weusi, apige tu. Mama mkwe alimfunika kwa mwavuli tangu mlangoni hadi garini, ingawa jua lilikuwa halijafika, na hakuwa na uso wa furaha wala wa uchungu. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa kazi na anaifanya.

Maharusi walikaa pembeni mwa mji. Huwa nawatembelea Jumapili jioni, na kabla ya kusalimiana namtazama kwanza miguu, kama kanda za viatu zimezama. Anajua. Siku hizi huitangulia salamu yangu kwa kuinyoosha miguu yote miwili mbele, bila viatu.

“Kagua, shangazi,” husema. “Kisha ukae. Leo jaribu kukaa.”